Tango la Abate: Habari za Mbegu za Zamani katika Mji wa Znojmo

Mwakumbuka manung'uniko ya Waisraeli kule jangwani. Kitabu cha Hesabu, sura ya 11, chaeleza jinsi walivyochoka na mana, wakaanza kutaja vyakula walivyoviacha Misri: samaki, matango, matikiti, na vitunguu vya namna mbili tatu. Sisi makatekista husoma habari hiyo mbele ya Wakristu mara kwa mara, na kila mara twasikia watu wakicheka chinichini. Ajabu gani, watu waliotolewa utumwani kwa mkono wa Mungu walilie tango! Lakini mtu mwenye bustani nyuma ya nyumba yake hacheki sana. Yeye ajua jinsi tunda lenye maji linavyotamaniwa siku ya jua kali.

Maandiko Matakatifu yataja shamba la matango mahali pengine tena. Nabii Izaya, katika sura ya 1, afananisha Yeruzalemu iliyoachwa peke yake na kibanda katika shamba la matango. Nayo Barua ya Yeremia, iliyo sura ya 6 ya kitabu cha Baruku katika Biblia yetu ya Kikatoliki, yasema ya kuwa miungu ya wapagani ni kama kile kinyago kinachosimikwa katika shamba la matango kwa kutisha ndege: chasimama siku zote, wala hakilindi kitu. Basi wakulima wa Palestina walilinda matango yao kama sisi tunavyolinda mpunga na mahindi yetu.

Hapo ndipo tutakapo kuanzia, kwa maana wataalamu wa siku hizi wametuletea habari isiyotazamiwa. Tango la Biblia silo tango letu. Mwaka 2007 Jules Janick wa Marekani na Harry Paris wa Israeli, pamoja na mwenzao, walitoa uchunguzi wao. Walikuwa wamelinganisha maneno ya Kiebrania, ya Kigiriki na ya Kilatini na michoro ya kale, wakaona ya kuwa tunda lile lilikuwa refu, limepindika, tena lenye manyoya kama sufu. Hilo ni jamii ya tikiti, lile ambalo wengine huliita tikiti la nyoka. Lililiwa bichi, likiwa bado changa. Hata Kaisari Tiberio, yule aliyetawala Roma wakati Bwana wetu aliposulibiwa, alipenda sana kula matunda yale. Plinio aandika ya kuwa karibu kila siku yaliwekwa mezani pake. Watunza bustani wake waliyapanda katika masanduku yenye magurudumu, wakayasukuma juani, na siku za baridi wakayafunika kwa mawe membamba yapitishayo nuru. Yote hayo kwa ajili ya tikiti changa!

Tango letu halisi asili yake ni Bara Hindi. Katika vilima vilivyo chini ya milima ya Himalaya ndugu yake wa mwituni angalipo hata leo: tunda dogo, chungu kama shubiri. Watu wa huko walichagua miaka na miaka yale yasiyo na uchungu, wakapanda mbegu zake. Uchungu ule haukufa kabisa. Panda tango mahali pakavu, usilinyweshe maji ya kutosha, nawe utaonja yale ya babu yake.

Paris na wenzake walichunguza pia jinsi tango hilo lilivyofika Ulaya, wakaandika mwaka 2012 ya kuwa lilipita njia mbili, katikati ya mwaka 500 na mwaka 1300. Njia ya kwanza ni ya nchi kavu, kupitia Uajemi mpaka kwa Waslavi wa mashariki na kaskazini; katika ardhi ya Poland wachimbaji wameokota mbegu zake za nyakati zile. Njia ya pili ni ya kusini, kwa mikono ya Waarabu, mpaka Andalusia katika nchi ya Hispania. Majina nayo yana habari yake. Wagiriki wa Konstantinopoli waliliita kwa neno lililotoka katika neno lao la kusema "bichi", kwa maana tango huliwa kabla ya kuiva. Kutoka kwao Wapoland wakapata ogórek, Wacheki okurka, Wadachi Gurke. Wafaransa wao walichukua jina la Kilatini la tikiti lile la zamani wakalivika mgeni: concombre. Basi sisi wa Kongo tukisema "konkombre", twalitaja bado tikiti la Tiberio. Waflamandi, wazee wa wamisioneri wengi waliokuja kwetu, wanayo majina mawili: augurk kwa lile dogo la kutiwa katika siki, na komkommer kwa lile refu la kukatwa bichi.

Sasa twende Znojmo. Mji huo uko kusini mwa Moravia, katika nchi ya Wacheki, juu ya mto Dyje, karibu na mpaka wa Austria. Hauko mbali na Vienna. Si kilometa 100. Kando yake, mahali paitwapo Louka, palijengwa mwaka 1190 monasteri ya Wapremontre, ambao wengine huwaita Wanorbertini, kwa jina la Mtakatifu Norberti aliyeanzisha shirika lao huko Prémontré, Ufaransa, karibu mwaka 1120. Wao ni mapadri wanaoishi pamoja kwa kanuni ya Mtakatifu Augustino. Ndugu zetu wa Uele wawajua vizuri, kwani Wapremontre wa Tongerlo, Ubeljiji, walifika kwao mwaka 1898.

Mapokeo ya mji wa Znojmo yasimulia ya kuwa karibu mwaka 1571 abate wa Louka, aliyeitwa Jiří, wa pili wa jina hilo, alileta kutoka Hungaria mbegu za matango, akazipanda katika bustani ya monasteri. Kutoka bustani ile zilitoka kwenda kwa wakulima wa kando ya mto, na mji ukapata sifa kwa matango yake, sifa iliyonayo hata leo.

Labda mmoja atauliza: kazi ya abate ni kuongoza watawa na kusali, kwa nini ahangaike na mbegu? Anayeuliza hivyo hajawa mlezi wa nyumba yenye watu wengi. Monasteri ilikuwa na vinywa vingi vya kulisha: watawa, watumishi, wasafiri, maskini wa mlangoni. Siku za kufunga zilikuwa nyingi, na nyama haikuliwa. Tena katika nchi ile majira ya baridi ni marefu. Kwa miezi minne mitano hakuna jani bichi shambani. Sisi tunaochuma sombe na lengalenga karibu mwaka mzima hatuwezi kufahamu upesi thamani ya pipa moja la matango yaliyowekwa katika chumvi, yenye ukali wa kuamsha ulimi uliochoka na mkate na nafaka. Abate aliyeleta mbegu nzuri alifanya kazi ya baba wa nyumba.

Lakini kuleta mbegu ni jambo la siku moja. Kuitunza ni kazi ya kila mwaka, na hapo ndipo mwenye bustani anapopimwa. Tango huliwa bichi, kama jina lake la Kigiriki lisemavyo. Mbegu zilizo ndani ya tango tulilalo ni changa; ukizipanda haziotí. Anayetaka mbegu ni lazima aliache tunda shambani majuma matano au sita baada ya siku ambayo angelichuma kwa kula, mpaka liwe manjano au kahawia, nono, gumu ganda, lisilopendeza mdomoni. Tena kuna jambo lingine: mche ulio na tunda moja la kuivisha mbegu hupunguza kuzaa. Nguvu yake yote yaenda kwa mbegu. Basi mama wa nyumba, akiwa na miche sita na watoto wenye njaa, ni lazima achague mche ulio mzuri kupita yote, ule ambao angeuchuma kwanza, aseme: huu hatutaula. Anayekula matunda yote mazuri na kuachia mbegu yale yaliyobaki, yaliyopindika, yatokayo mche dhaifu, kila mwaka ataona bustani yake yarudi nyuma, hata mwisho asijue mbegu yake imeharibikia wapi.

Ndivyo walivyofanya watu wa Znojmo zaidi ya miaka 200, bila kitabu: bora kwa mbegu, linalofuata kwa pipa na kwa soko. Basi tango lile likazoea udongo wao na jua lao. Hatufikiri ya kuwa tango la mwaka 1770 lilifanana kabisa na lile la abate. Mbegu inayopandwa kila mwaka na kuchaguliwa na mkono wa mtu hugeuka polepole. Wazungu huiita mbegu ya urithi, na kweli urithi wa namna hii haukai sandukuni. Unakaa kwa kutumiwa.

Mwaka 1784 pigo likaja. Kaisari Yosefu wa Pili wa Austria, aliyedhani ya kuwa watawa wanaosali ni watu wasio na faida, alifunga monasteri mamia katika nchi zake, na Louka ikawamo. Watawa walitawanywa; nyumba ile kubwa baadaye ikawa ya askari. Nani aliyetunza mbegu za abate siku ile? Wakulima. Zilikuwa zimekwisha kutoka ukutani, zimo katika vyungu na mifuko ya nyumba za watu wadogo. Kaisari alikuwa na orodha ya mashamba ya monasteri, ya vitabu vyake na vikombe vyake vya fedha, lakini hakuna mwandishi wa serikali aliyefikiri kuandika mbegu za matango.

Mwaka 1871 reli iliunganisha Znojmo na Vienna, na matango yakaanza kusafirishwa kwa mabehewa. Viwanda vya kuyatia katika siki vikajengwa, na Vienna wakaanza kuita Znaimer (ndilo jina la mji kwa Kidachi) kila tango la siki lililo zuri, hata wakapika mchuzi wa nyama wenye matango hayo ndani yake na kuuita kwa jina la mji. Lakini turudi nyuma kidogo kwa ajili ya mtu mmoja.

Mwaka 1849 alifika Znojmo padri kijana, mwana wa mkulima, akafundishe katika shule ya mji kwa muda badala ya mwalimu mwingine. Jina lake Gregor Mendel, wa shirika la Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno. Kazi ya parokia ilikuwa imemshinda. Alipokaribia vitanda vya wagonjwa aliugua yeye mwenyewe, na mkuu wake, abate Napp, kwa hekima akampa kazi ya kufundisha. Hatuamini ya kuwa alimaliza mwaka wake Znojmo bila kula matango ya huko. Kitu tunachokijua kwa hakika ni hiki: aliporudi Brno, katika bustani ya monasteri yake, tangu mwaka 1856 mpaka mwaka 1863, alipanda miche ya njegere karibu 28,000, akaichanganya kwa mkono wake, ua kwa ua, akahesabu watoto na wajukuu wake.

Yafaa tueleze kidogo, kwa sababu habari hii yagusa kila mtu anunuaye mbegu dukani. Mendel alichanganya njegere za punje za mviringo na njegere za punje zenye makunyanzi. Watoto wa kwanza wote walikuwa wa mviringo, hakuna hata punje moja yenye makunyanzi. Mtu mwingine angesema: makunyanzi yamekufa. Mendel akapanda watoto wale, akaacha wazae wenyewe kwa wenyewe. Kumbe wajukuu walitoka punje 5,474 za mviringo na 1,850 zenye makunyanzi! Yaani karibu tatu kwa moja. Makunyanzi hayakufa, yalikuwa yamefichika. Mendel alisoma habari hiyo mbele ya wataalamu wa Brno mwaka 1865, ikachapishwa mwaka 1866, na karibu hakuna aliyefahamu. Alifariki mwaka 1884, akiwa abate. Mwaka 1900 tu ulimwengu ukamwamkia.

Basi angalieni kopo la mbegu za matango dukani. Likiwa limeandikwa F1, maana yake ni watoto wa kwanza, kama zile punje za mviringo za Mendel. Wenye kiwanda wamechukua koo mbili tofauti, wakazichanganya, na watoto wa kwanza wametoka sawasawa wote, wenye nguvu na kuzaa sana. Katika miaka ya 1960 kazi hiyo ilikuwa rahisi zaidi, kwa sababu wataalamu wa Michigan, Marekani, walikuwa wamepata kutoka mbegu za Korea matango yenye maua ya kike karibu matupu. Hakuna uchawi hapo wala udanganyifu. Lakini ukitunza mbegu za watoto wale na kuzipanda, yale yaliyofichika yatafunuka: mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja mchungu, mmoja mwenye ugonjwa. Watu kadhaa wamekuja kutuuliza kwa nini matango yao mazuri ya mwaka jana yamekuwa ya ovyo mwaka huu, wakidhani jirani amewaroga. Jirani hana kosa. Padri Mendel angewajibu kwa hesabu.

Karne ya 20 ilikuwa kali kwa Znojmo. Wengi wa wakulima na wenyeji wa upande ule walikuwa watu wa lugha ya Kidachi. Baada ya vita, katika miaka ya 1945 na 1946, walifukuzwa katika nchi, wenye hatia na wasio na hatia pamoja, wengi wakavuka mpaka kuingia Austria na mzigo wa mikononi tu. Mapishi ya matango yalivuka pamoja nao. Mwaka 1948 Wakomunisti walishika serikali, na mashamba ya watu yakaanza kukusanywa kuwa mashamba ya ushirika wa lazima. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Aprili 1950 askari walizingira monasteri za wanaume nchini mote, wakawachukua watawa na kuwafungia mahali pa kukusanyia. Hata Waaugustino wa Brno, nyumba ya Mendel, walipatwa. Sisi wa Kongo, tuliopita miaka ya vita na kukimbia, tunaweza kuwafahamu watu hao pasipo maelezo mengi. Anayekimbia usiku huchukua mtoto, sufuria, blanketi. Kama ana nafasi huchukua mbegu. Mara nyingi hana.

Pamoja na hayo tango la Znojmo halikukoma. Kilicholipiga sana si askari wala kaisari, bali ukungu mdogo usioonekana na macho. Mwaka 1984 na mwaka 1985 ugonjwa wa majani ambao Wafaransa huuita mildiou ulienea katika Chekoslovakia kwa nguvu isiyojulikana hapo mbele. Majani hupata madoa ya manjano yenye pembe, yaliyozuiwa na mishipa ya jani. Chini yake huota kitu kama vumbi la kijivu. Kisha jani lakauka kama limepitiwa na moto, na upepo wachukua vumbi lile mpaka shamba jingine. Mbegu za zamani, zilizochaguliwa vizazi vingi kwa utamu, kwa umbo na kwa ngozi nyembamba, hazikuwa zimechaguliwa kwa kupigana na adui huyo, kwa kuwa adui huyo hakuwapo kwao. Wakulima walipoteza mazao. Walio wengi wakageukia mbegu za F1 zilizotengenezwa kwa kuvumilia ugonjwa, na hatuwezi kuwalaumu. Mtu hawezi kulisha watoto kwa sifa ya tango la babu yake.

Hapa tunaomba msomaji asihukumu upesi na kusema: basi mbegu za zamani zimeshindwa. Atazame yaliyopita Marekani. Huko nako ugonjwa ule uliwasumbua wakulima, hata mwaka 1954 wataalamu wawili walipoeleza ya kuwa wameona uwezo wa kuushinda. Waliuona wapi? Katika mbegu ya tango iliyotoka India, iliyokuwa imewekwa tu katika hazina ya mbegu kwa namba, 197087, bila jina la kupendeza. Kutoka kwake yalizaliwa matango mengi yaliyosifiwa, kama lile liitwalo Poinsett lililotoka South Carolina mwaka 1966, ambalo wengi wamelipanda katika nchi za joto. Kwa miaka mingi mashamba ya Marekani yalikingwa na urithi ule wa mkulima mmoja wa India, asiyejulikana jina, aliyekuwa ametunza tango lake tu kwa ajili ya nyumba yake. Hata mwaka 2004 ugonjwa ukarudi na nguvu mpya, ukaivunja kinga ile. Wataalamu wakafanya nini? Wakarudi katika hazina, wakaanza kupanda mbegu za zamani mia kwa mia, wakitafuta nyingine.

Ndiyo sababu nchi nyingi zina hazina kama hizo. Wacheki wanayo moja ya mboga katika mji wa Olomouc, huko Moravia, na matango yamo. Warusi wanayo ile ya mji ulioitwa zamani Leningrad, iliyokuzwa na Nikolai Vavilov. Wakati wa kuzingirwa kwa mji, tangu mwaka 1941 mpaka mwaka 1944, watumishi wake kadhaa walikufa njaa katikati ya magunia ya mchele na njegere ambayo hawakukubali kuyala. Vavilov mwenyewe alikufa kifungoni mwaka 1943, kwa amri ya serikali yake mwenyewe. Lakini hazina haitoshi. Mbegu iliyolala katika baridi hailijui jua la miaka hii wala magonjwa yake, na ni lazima ipandwe tena kila baada ya miaka kadhaa, la sivyo yafa. Huko Marekani, mwaka 1975, bwana mmoja na mkewe, Kent Whealy na Diane Ott Whealy, walianza kukusanya watu wa bustani ndogo ili wapeane mbegu za wazee wao. Babu yake Diane alikuwa amewaachia mbegu ya ua na ya nyanya zilizoletwa na jamaa yake kutoka Bavaria. Ushirika ule, Seed Savers Exchange, una wanachama elfu nyingi. Mwaka 2009 hata Umoja wa Ulaya, ambao sheria zake ni kali juu ya mbegu za kuuzwa, ulitoa sheria ya kufungua mlango kidogo kwa mboga za urithi.

Kwetu Kongo bustani na Misioni zilikwenda pamoja tangu mwanzo. Huko Kisantu, Bruda Justin Gillet, Mjezuiti, alianzisha mwaka 1900 ile bustani kubwa ya miti na mimea ambayo ipo mpaka leo. Alijaribu humo matunda na mboga za nchi nyingi. Lakini tusifikiri ya kuwa Wazungu ndio waliotufundisha kutunza mbegu. Mama zetu wa Kivu hupanda maharagwe ya namna nyingi katika shamba moja, meupe, mekundu, ya madoa, na kila mwaka huyachagua juu ya ungo kwa macho makali kuliko ya mtaalamu: hili la mvua nyingi, hili la udongo mbaya, hili laiva upesi. Wanajua wanalofanya. Kwa matango tumekuwa wavivu, kwa sababu mbegu ilikuja katika kopo, na kopo lilifikiriwa kuwa ndilo mama yake.

Sisi hatusemi ya kuwa anayelima kwa soko la Lubumbashi au la Bukavu aache F1. Kama ana dawa, maji na fedha ya kununua mbegu kila mara, na afanye hivyo. Twasema juu ya bustani ya nyumbani, ile tuta moja au matuta mawili karibu na jiko. Kwa hilo inafaa kutafuta mbegu isiyoandikwa F1, kwa mfano hiyo Poinsett au ile iitwayo Marketmore, au ile ambayo mzee wa kijiji ameitunza, na kuifanya iwe ya nyumba. Kazi yenyewe haina ugumu.

Mtango una maua ya namna mbili juu ya mche mmoja. Ua la kike lajulikana kwa tango dogo lililo nyuma yake; la kiume lina kijiti tu. Nyuki ndio wanaowaunganisha, nao hawaulizi shamba la nani. Kwa hiyo kama jirani amepanda matango ya namna nyingine karibu, mbegu zitachanganyika. Maboga na matikiti hayadhuru. Hayazai na tango, ijapokuwa watu wengi husema hivyo. Kama jirani hayuko mbali, fanya kama Mendel: jioni tafuta ua la kike na ua la kiume yatakayofunguka kesho, ambayo ncha zake zimeanza kuwa manjano, uyafunge kwa uzi. Asubuhi na mapema chuma lile la kiume, vua majani yake, ulipake katika moyo wa lile la kike, kisha ufunge tena la kike ili nyuki asiingie. Funga uzi mwekundu katika kikonyo cha tunda, na uwaambie watoto ya kuwa hilo haliguswi. Usitunze kwa mche mmoja tu. Chukua matunda ya miche mitano sita, au kumi ukiweza, kwa maana ukoo wa mche mmoja huchoka.

Tunda likiisha kuwa manjano na kuanza kulegea, lichume, uliache ndani ya nyumba siku kumi hivi. Kisha lipasue, ukomboe mbegu pamoja na ute wake, uzitie katika chombo na maji kidogo, uziache siku mbili au tatu zichache. Zitanuka, msishangae. Ute utajitenga, mbegu nzima zitazama chini, na zile tupu zitaelea. Mwaga zinazoelea, osha zilizozama, uzitandaze juu ya sahani kivulini, si juu ya karatasi, kwa maana zitashikamana nayo. Zikikauka hata zavunjika badala ya kupindika, zitie katika chupa yenye kizibo pamoja na majivu makavu au mchele uliokaangwa kidogo wa kunywa unyevu, uandike jina na mwaka. Zikikaa mahali pakavu, pasipo joto, zaweza kuota hata baada ya miaka mitano. Tunda moja zuri hutoa mbegu mia na kupita. Kumi na mbili zatosha kwa bustani ya nyumba, na zilizosalia ni za majirani.